Ukiona picha ya zamani, anza na kona zake

Kuna kitu kinanikera sana huku mtandaoni. Mtu anaposti picha ya kale, nyeusi na nyeupe, chini yake kaandika mistari miwili tu kwamba hivi ndo mambo yalivyokuwa, watu wanaishea mpaka basi, halafu ukiuliza kwa upole picha hii kapiga nani, lini, wapi na ilikuwa ya kazi gani, unaonekana mchawi. Unajibiwa picha si hiyo hapo unaiona, unataka nini tena. Wahenga walisema macho hayana pazia, sawa, ila kamera inalo, tena pana tu, na mchoraji ndo usiseme, yeye pazia lote kalishika mkononi mwake.

Sasa sio kwamba nazichukia picha, nazipenda kupita kiasi. Kuna mambo ya historia ambayo hakuna mtu aliyehangaika kuyaandika kwa sababu kila mtu aliyaona ya kawaida, watu walivyofunga mizigo, walivyokaa, kuta zao zilikuwa na rangi gani, nani alisimama karibu na nani, na hayo yote unayakuta kwenye picha yametulia yanakusubiri. Ninachokataa ni ule uvivu wa kuichukua picha kama dirisha la kuchungulia zamani. Picha imetengenezwa na mtu, kwa kifaa fulani, kwa ajili ya mtu mwingine, na mara nyingi kuna hela au siasa katikati. Kwa hiyo mi nina kanuni yangu moja: kile kitu kilichowekwa katikati, kile ambacho mtengenezaji alitaka ukione, nakitilia shaka kwanza, halafu naenda kwenye kona, ukuta wa nyuma, viatu, vivuli, chombo kilichosahaulika sakafuni, yaani vitu ambavyo hakuna aliyevijali kwa hiyo hakuna aliyepata sababu ya kuvidanganyia. Kanuni hii kuna mahali inagoma, nitafika huko.

Tuanze na picha aliyopiga Louis Daguerre, Mfaransa mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, mwaka 1838 pale Paris, akiwa juu anaangalia barabara ya Boulevard du Temple. Ukiitazama, barabara ni tupu kabisa. Miti ipo, majengo yapo, mabomba ya moshi juu ya mapaa unaweza kuyahesabu, lakini hakuna mtu, hakuna gari la farasi, hakuna hata mbwa. Mpe mtu picha hiyo bila maelezo atakwambia mji umehamwa, labda kuna ugonjwa umeingia au ni alfajiri sana watu bado wamelala. Kumbe ilikuwa barabara yenye watu wengi ajabu, ila bamba la wakati ule, kile kipande kilichopakwa dawa ya kushika picha, lilihitaji dakika kadhaa za mwanga ili lishike kitu, na kila kilichokuwa kinatembea kilipita bila kuacha alama yoyote. Aliyebaki ni jamaa mmoja tu, chini upande wa kushoto, mguu mmoja kaunyanyua anasafishiwa viatu, kwa hiyo alitulia muda wa kutosha akashikwa na bamba, na anayemsafishia anaonekana kama doa tu kwa sababu mikono ilikuwa haitulii. Samuel Morse, yule yule wa telegrafu, aliiona picha hii Paris mwaka 1839 akamwandikia ndugu yake akishangaa hicho hicho, kwamba barabara inayojaa watu na magari imetoka tupu isipokuwa mtu mmoja anayepigwa brashi buti zake.

Mi hii picha huwa naianzia kwa sababu hapa hakuna mtu aliyedanganya. Daguerre hakufuta mtu, bamba lilirekodi kwa uaminifu kabisa kila kilichotulia. Anayedanganyika ni mtazamaji, anayedhani asichokiona hakikuwepo. Na kama si maandishi ya watu wa wakati ule waliotuambia barabara ile ilikuwaje mchana, tungebaki na Paris isiyo na watu.

Ndo ugonjwa huo huo wa watu kuangalia picha za karne ya 19 wakasema watu wa zamani walikuwa na huzuni, mbona hawacheki. Aisee. Kufikia miaka ya 1860 muda wa kupiga ulishapungua ukawa sekunde, na ni nani anaweza kushikilia tabasamu sekunde kadhaa bila sura kuharibika? Lakini hata hiyo sio sababu yote, kwa sababu hata pale ilipowezekana kucheka watu waliendelea kukaza nyuso, maana kupigwa picha kulikuwa jambo la heshima, unakaa kama walivyokaa wakubwa kwenye michoro ya rangi, na hao hawakuchorwa wakikenua meno. Kwa hiyo uso uliokazwa unakueleza desturi ya studio, haukuelezi kama mtu huyo jana yake alicheka mpaka akalia.

Na rangi je? Mabamba ya wakati huo yalikuwa yanaona zaidi mwanga wa bluu na ule wa zambarau usioonekana kwa macho, nyekundu na njano yalikuwa karibu vipofu kwake. Matokeo yake kitu cha bluu kinatoka cheupe, kitu chekundu kinatoka cheusi. Ndo maana mbingu kwenye picha nyingi za kale ni nyeupe pee kama karatasi, na ndo maana miaka ya 1850 mtu kama Gustave Le Gray alikuwa anapiga bahari kwenye bamba moja na mawingu kwenye bamba lingine halafu anaunganisha, mawingu ya kuazima kabisa. Kwenye mandhari ya bahari hilo halimuumizi mtu. Lakini Wamaori wa New Zealand walikuwa na tatuu za usoni, ta moko, zenye rangi inayoelekea bluu na kijani, na kwenye mabamba yale zikawa zinafifia au zinapotea, mtu ana uso uliochorwa heshima yote ya ukoo wake halafu kwenye picha anatoka na uso mtupu. Wapo wapiga picha waliozichora tena kwa mkono juu ya picha. Sasa mtafiti wa leo akikuta uso hauna kitu asikimbilie kuandika kwamba desturi ilikuwa imeanza kufa, na akikuta mistari imekolea vizuri mno ajiulize ni ya kwenye ngozi yenyewe au ni ya brashi ya studio.

Halafu kuna ile ya Billy the Kid, hii ni tamu. Kuna picha moja maarufu ya huyu jambazi wa Marekani, ya kama mwaka 1879 au 1880, amesimama na bunduki ndefu upande mmoja, bastola upande mwingine, na bastola inaonekana iko kushoto. Basi watu wakaamini kwa miaka na miaka kwamba alikuwa mashoto, ikawa sehemu ya hadithi yake kabisa. Tatizo ni kwamba picha za aina ile zilipigwa moja kwa moja kwenye bamba la chuma bila negativu, kwa hiyo zinatoka zimegeuzwa kama uso kwenye kioo. Na unajua uthibitisho uko wapi? Uko kwenye bunduki yenyewe. Ni Winchester ya modeli ya 1873, na bunduki hizo tundu la kuingizia risasi liko ubavu wa kulia, lakini kwenye picha liko kushoto. Igeuze picha, bunduki inakaa sawa, na bastola inahamia kulia. Wote walikuwa wanamwangalia jamaa usoni na kwenye bastola, hakuna aliyekuwa na shughuli na kitundu cha kwenye bunduki. Hicho ndo naita kona, hata kama kiko katikati ya fremu.

Hapo bado tuko kwa vifaa, hakuna mwongo. Sasa twende kwa waongo, au tuseme wapangaji.

Julai 1863, baada ya mapigano ya Gettysburg kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, Alexander Gardner na wenzake walifika uwanjani na kamera zao. Moja ya picha zao inaonyesha askari kijana wa upande wa kusini amelala amekufa kwenye kijipango kati ya miamba na ukuta wa mawe, uso umegeukia kamera, kichwa kimelazwa juu ya mkoba, bunduki imeegemezwa ukutani. Gardner akaiuza kwa maelezo kwamba huyu ni mdunguaji wa waasi, akafia kwenye maficho yake. Akaongeza kwamba alirudi pale Novemba akakuta mifupa bado ipo na bunduki imeshika kutu mahali pale pale. Ukisoma unasisimka kabisa. Miaka ya 1970 mtafiti William Frassanito akazipanga picha zote za eneo lile, akalinganisha miamba na mwili, akaonyesha kwamba maiti ile ile ilishapigwa picha nyingine chini ya mteremko, halafu ikabebwa kama mita 36 mpaka kwenye ule ukuta, ikalazwa vizuri, ikawekewa bunduki. Na bunduki yenyewe sio ya aina wanayotumia wadunguaji. Ile hadithi ya Novemba ndo haina hata miguu ya kusimamia, uwanja ulijaa watu wanaookota kumbukumbu tangu siku za mwanzo, bunduki ingebaki miezi minne inasubiri nani? Njia ya mwongo ni fupi, ila hii ilichukua zaidi ya miaka 100.

Mpiga picha Mwingereza Roger Fenton naye, kwenye vita ya Crimea mwaka 1855, ana picha mbili za bonde lile lile kutoka sehemu ile ile, moja risasi za mizinga zimetapakaa barabarani, nyingine barabara safi na risasi hizo ziko pembeni mferejini. Ipi ilitangulia? Watu wamebishana mpaka mtengeneza filamu mmoja, Errol Morris, akaamua kufuata vijiwe vidogo vidogo kwenye mteremko, na ikaonekana kwenye ile yenye risasi barabarani vijiwe vimeshashuka chini kidogo, maana yake watu walishapita pale wakavikanyaga wakati wa kuzihamisha risasi, kwa hiyo barabara safi ndo ya kwanza. Vijiwe jamani! Hakuna binadamu yeyote mwaka 1855 angewaza kuvipanga.

Watu wakisikia hivi wanasema basi tuzitupe, picha hazifai. Hapana bwana. Picha ya kupangwa ni ushahidi mzuri sana, ila ni ushahidi wa kitu kingine. Picha ya Gardner hainifundishi mdunguaji alikufaje, inanifundisha wanunuzi wa picha walikuwa wanataka kifo cha namna gani, kifo chenye hadithi, kijana mmoja peke yake mahali pazuri, badala ya safu ya maiti zilizovimba ambazo nazo zilikuwepo na walizipiga. Nikitaka kujua biashara ya huzuni ilivyokuwa kwenye vita ile, sijui kama kuna waraka unaoizidi.

Sovieti nako ni hivyo hivyo. Mei 2, 1945, Yevgeny Khaldei alipiga picha ya bendera nyekundu ikipandishwa juu ya Reichstag, jengo la bunge la Ujerumani, Berlin. Bendera alikuja nayo mwenyewe kutoka Moscow, ilishonwa kwa vitambaa vya meza. Baada ya kupiga ikagundulika askari mmoja anaonekana ana saa mkono huu na saa mkono ule, na saa mbili kwa askari aliyeingia mji ulioshindwa, we mwenyewe unajua maana yake, basi moja ikakwanguliwa kwa sindano, na moshi ukaongezwa nyuma ili vita inoge. Ukitaka historia ya Jeshi Jekundu Berlin, hiyo saa iliyokwanguliwa ina mengi kuliko bendera. Kilichofutwa kwenye picha kinakwambia moja kwa moja nini kilikuwa kinaogopwa. Nikolai Yezhov, mkuu wa usalama wa Stalin, alipigwa akiwa kando ya Stalin kwenye mfereji wa Moscow, alipoanguka na kuuawa mwaka 1940 nafasi yake kwenye picha ikajazwa maji. Toleo la kwanza pekee ni picha ya viongozi wanatembea, la pili pekee vilevile, ni pale unapoyaweka mawili pamoja ndo unapata waraka.

Mpaka hapa nimekaa sana kwenye kamera, ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa michoro ya rangi. Canaletto, mchoraji wa Venice wa karne ya 18, alikuwa anachora mifereji na majumba ya mji wake akiwauzia watalii matajiri, wengi Waingereza. Inasemekana alitumia kamera obskura, lile sanduku lenye lenzi linaloangusha taswira kwenye karatasi ukafuatisha mistari. Na bado alikuwa anachakachua, alikuwa anapanua mfereji, anasogeza jengo, anaunganisha mitazamo miwili kuwa mmoja ili mteja apate Venice nzuri kuliko ile aliyoiona. Kwa hiyo kama ushahidi wa mpangilio wa mji ni wa kwenda nao kwa tahadhari. Lakini chini ya kuta, pale maji yanapogusa, alikuwa anachora mstari wa kijani iliyokolea kahawia, ni mwani unaoota mpaka pale maji yanapofika kila siku yakijaa. Aliuchora kwa sababu ulikuwepo, basi, hakukuwa na mteja wa kuufurahia wala wa kuukasirikia. Watafiti, akiwemo Dario Camuffo, wakachukua michoro yake na ya mpwa wake Bernardo Bellotto, wakaenda kwenye majengo yale yale, wakapima ule mstari kwa kutumia milango na ngazi kama rula, wakaulinganisha na ulipo mstari wa mwani wa sasa. Jibu likawa kwamba Venice imezama ukilinganisha na maji kwa kama sentimita 60 tangu wakati wa Canaletto.

Hebu fikiria mji haukuwa na kipimo cha maji kwa zaidi ya miaka 100 ya mwanzo baada ya Canaletto, halafu data inakuja kutoka kwenye uchafu wa ukutani uliochorwa na mtu aliyekuwa anatafuta hela ya watalii.

Basi kanuni yangu inanyooka vizuri hapo. Sasa mahali inapogoma.

Kuna mchoro wa meli ya watumwa iliyoitwa Brooks, ya Liverpool, uliochapishwa mara ya kwanza Plymouth mwaka 1788 na wapinzani wa biashara ile. Unaijua hata kama hujui jina lake, ni ile miili midogo myeusi imepangwa sambamba ndani ya umbo la meli, haina hata nafasi ya kupitisha mguu. Mchoro ule haukuchorwa na mtu aliyeingia mle ndani akaona. Ni hesabu. Wamechukua vipimo vya meli, wakachukua sheria mpya ya mwaka huo iliyoiruhusu meli hiyo kubeba watu 454, wakampa kila mwanaume futi 6 kwa futi 1 na inchi 4, wakapanga. Na ukatili wa hoja yao uko hapo, kwamba hii ndo hali baada ya sheria kupunguza, maana kabla ya sheria meli hiyo hiyo iliwahi kubeba watu 609. Kitu kilichowekwa katikati, kitu walichotaka ukione, ni cha kweli na kina mahesabu yake. Kona ndo zinadanganya, au zimekaa kimya, hakuna ndoo za haja, hakuna mgonjwa, hakuna bahari inayoyumba, hakuna uso wa mtu, na hakuna hata mmoja anayegoma wakati uasi ndani ya meli hizo ulikuwa kitu kinachojulikana. Wote wamelala kimya wanafanana. Waliochora walikuwa upande wa haki lakini walihitaji wahanga watulivu ili Waingereza waone huruma badala ya kuogopa. Kwa hiyo picha ya mwanaharakati nayo iulize maswali, tena yale yale unayomuuliza mfalme.

Kongo ndo kabisa. Mei 1904 mmishonari Mwingereza Alice Seeley Harris alikuwa Baringa, kwenye eneo la kampuni ya mpira ya ABIR, ndani ya nchi ambayo Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliimiliki kama mali yake binafsi. Akaja mwanaume anaitwa Nsala, wa kijiji cha Wala, amebeba kifurushi cha majani, ndani kuna mkono na mguu wa binti yake mdogo, walinzi wa kampuni walishamuua mkewe pamoja na mtoto huyo kwa sababu kijiji hakikutimiza kiwango cha mpira. Harris akamkalisha pembeni ya baraza, vile viungo vikawekwa mbele yake, akampiga picha. Kwa hiyo ndio, ni picha ya kupangwa, alikalishwa. Ukiingia na akili ya Gettysburg utasema mnaona, hata hii ni maigizo. Na watetezi wa Leopold walihangaika sana kuzipinga picha kama hizi. Lakini kupanga mkao si kutunga tukio, na tukio lina miguu yake yenyewe, kuna barua za wamishonari, kuna ripoti ya konsuli wa Uingereza Roger Casement iliyotoka mwaka huo huo, kuna tume ya uchunguzi ambayo Leopold mwenyewe aliiunda na ikaja mwaka 1905 kukiri maovu mengi. Picha zilizungushwa Uingereza na Marekani kwenye mikutano, zikiangazwa ukutani kwa taa, na mwaka 1908 mfalme akanyang'anywa ile nchi ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji, ambalo nalo ni habari nyingine ndefu.

Mwandishi wa Marekani Mark Twain aliandika kejeli mwaka 1905 akimfanya Leopold alalamike kwamba Kodak, yaani kamera, ndo shahidi pekee aliyeshindwa kumhonga. Mstari mtamu, nauelewa ulitoka wapi, ila siukubali wote. Kamera hongo haili, lakini mwenye kamera, mwenye gazeti na mwandika maelezo wote wana mifuko. Kilichoifanya picha ya Nsala isimame ni kwamba haikusimama peke yake.

Kuna suala la kukata picha, yaani kukropu, ambalo watu wanalichukulia kama usafi tu. Agosti 1944 ndani ya Auschwitz-Birkenau, wafungwa Wayahudi waliolazimishwa kufanya kazi kwenye matanuru walifanikiwa kupiga picha nne kwa siri, na filamu ikatolewa kambini ndani ya tyubu ya dawa ya meno mpaka kwa wapinzani wa Wanazi huko Kraków. Mbili kati yake zinaonyesha maiti zikichomwa nje mahali pa wazi, na zimezungukwa na weusi mkubwa pande zote kwa sababu mpigaji alikuwa amejificha ndani ya chumba, anapiga kupitia mlango. Na chumba chenyewe ni cha gesi. Baadaye walipozichapisha wengi wakaukata ule weusi, wakanyoosha picha iliyopinda, wakasogeza moshi na watu karibu ili "ionekane vizuri". Wakatupa kitu kizito kuliko vyote, ule weusi ndo unaokwambia alikuwa amesimama wapi, alikuwa na sekunde ngapi, na angekamatwa ingekuwaje. Ya nne imepiga matawi ya miti tu na mbingu, haina "kitu", na mi naona ni ushahidi sawasawa na zile nyingine, mkono wa mtu asiyeweza hata kuchungulia alichopiga.

Sasa hivi tumeongezewa kazi, kila siku naletewa picha za zamani zilizotiwa rangi na programu, nguo zimekuwa za kijani, macho ya kahawia, udongo mwekundu kabisa. Rangi hizo zimebuniwa. Na mnakumbuka habari ya mabamba yasiyoona nyekundu, programu inaangalia kitambaa kilichotoka cheusi inakipa kijivu au bluu ya giza, na huenda kilikuwa chekundu cha kuwaka. Zile za "kusafisha" ndo mbaya zaidi, uso uliofifia unarudishiwa kope, mikunjo na meno ambayo hayakuwahi kupigwa na mtu yeyote, halafu faili hilo zuri ndo linazunguka na lile lenye ukungu linapotea kabisa. Za akili mnemba zilizotungwa kuanzia mwanzo sijaziweka hata humu, hizo ni ushahidi wa historia ya mwaka huu tu.

Mi ninachofanya nikikutana na picha inayonivutia, natafuta kwanza toleo lake la zamani kuliko yote na lisilokatwa, mara nyingi kuitafuta kwa picha yenyewe mtandaoni kunatosha kuona imeshapewa majina mangapi na nchi ngapi. Nikikuta maelezo mawili yanayopingana nafurahi, maana sasa nina swali la maana. Natafuta ndugu zake, picha nyingine za siku ile, mahali pale, kwa sababu Frassanito hakushinda kwa kuwa na macho makali kuliko watu wote, alishinda kwa kuwa na picha nyingi mezani. Na kama ni picha ya karatasi, nageuza. Huko nyuma ndo kuna muhuri wa studio, tarehe, jina lililokosewa likafutwa, hati za watu wawili tofauti, namba ya negativu, alama za penseli za mhariri akionyesha pa kukata. Taasisi nyingi zinapoziweka picha zao kwenye kompyuta zinaskani mbele tu, nyuma wanaona ni karatasi chafu. Kwa hiyo kama una maboksi ya picha za familia na unapanga kuzihifadhi, skani pande zote mbili, na majina uyaandike sasa hivi, kwa penseli laini sio kalamu ya wino, wakati bado kuna mtu mzima anayejua yule wa tatu kutoka kulia ni nani.